Mungu Hawaachishi Wazee Kazi

Katika kijiji kimoja cha ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo, katekista aliwauliza wakatekumeni wake swali ambalo kila mmoja wao alikwisha kujifunza kwa moyo: Mungu amewaumba watu kwa kusudi gani? Vijana walijibu kwa sauti moja, kama watu wapigao makasia: kumjua, kumpenda, kumtumikia hapa duniani, na kufika kwake mbinguni. Jibu lilikuwa sahihi. Lakini nyuma kabisa, karibu na mlango, alikaa mama kizee mjane, ambaye hakujibu pamoja na wengine. Somo lilipokwisha alibaki juu ya mkeka wake, akamwambia katekista kwa sauti ya chini:

“Mwalimu, kumjua nitajaribu, ingawa maneno hayakai tena kichwani. Kumpenda, nampenda. Lakini kumtumikia, nimtumikie kwa kitu gani? Jembe limenishinda. Maji siwezi tena kuchota. Nimekuwa kigae tu kilichotupwa nyuma ya nyumba.”

Yafaa wakatekumeni walifikiri neno hili, maana si la mama huyo peke yake. Wazee wengi wa vijijini husema hivyo mioyoni mwao, na vibaya zaidi, vijana wengi hukubaliana nao. Mtu akiisha kushindwa kulima na kuvua, huanza kuhesabiwa kama mgeni asiyetaka kuondoka. Hupewa chakula, ndiyo. Lakini hapewi kazi, wala haulizwi neno. Na mtu asiyeulizwa neno lolote tangu mvua hata kiangazi huanza kufa kabla ya siku yake.

Katekista hakumjibu siku ile. Alijua kwamba swali kubwa halijibiwi mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Alimshika mkono akamsindikiza mpaka nyumbani kwa mwanawe, na njiani aliona kitu ambacho alikuwa amekiona mara nyingi bila kukitazama: chini ya mwembe, nyuma ya jiko, vilikuwako vyungu vitatu vya zamani vilivyoinamishwa, vimeota kuvu. Mama huyo alikuwa mfinyanzi. Kabla ya ndoo na bidoni za plastiki kujaa sokoni, nyumba zote za kijiji zilikunywa maji katika mitungi ya mikono yake.

Kesho yake katekista aliacha somo lililopangwa, akafungua kitabu cha Kutoka. Humo yasimuliwa kwamba Mungu alipotaka hema lake litengenezwe jangwani, alimwita kwa jina mtu mmoja wa kabila la Yuda, aliyeitwa Besaleli, akamjaza Roho yake. Roho hiyo ilimpa nini? Haikumpa kufufua wafu wala kutabiri mambo yajayo. Ilimpa akili ya kubuni na ustadi wa mkono, afue dhahabu na fedha na shaba, achonge mawe na miti. Na pamoja naye Maandiko hayakuwasahau wanawake waliosokota singa za mbuzi kwa ajili ya hema hilo. Wakatekumeni walishangaa. Walidhani Roho wa Mungu hushuka juu ya manabii na mitume tu. Kumbe alishuka hata juu ya mkono ulioshika nyundo.

Tena, nani mfinyanzi wa kwanza? Kitabu cha Mwanzo chaonyesha kwamba Mungu aliumba nuru na mbingu kwa kusema tu, lakini alipofika kwa mtu alitwaa udongo, akaufinyanga. Na nabii Yeremia alitumwa siku moja aende nyumbani kwa mfinyanzi, atazame tu. Akaona chombo kikiharibika mkononi mwa fundi; na fundi hakuutupa udongo ule, bali aliukusanya akatengeneza chombo kingine. Mungu angeweza kumfundisha nabii wake kwa ngurumo. Alichagua karakana ya udongo.

Hapo kijana mmoja, mvuvi, akauliza swali ambalo halikuwa baya: “Mwalimu, bidoni yashika maji sawasawa na mtungi, tena haivunjiki. Zile nakshi za wazee zilikuwa za faida gani?”

Katekista akamrudishia swali: “Wewe wavua kila siku. Wale samaki wadogo wa penye mawe ni wa rangi gani?” Kijana akaanza kuwahesabu kwa vidole: wako wenye mistari ya manjano, wako wa samawati, wako weusi wenye madoa meupe, wako waliopakwa rangi mashavuni kama bibi arusi, akaishiwa na vidole. Wataalamu waliolichunguza ziwa hilo wamekuta kwamba jamaa hiyo moja tu ya samaki ina aina zaidi ya 200, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. “Basi,” akasema katekista, “kama samaki ni kwa tumbo tu, aina moja ingetosha. Na kule chini gizani, nani awatazamaye?” Kijana akanyamaza, akacheka kidogo.

Hii ndiyo tabia ya Muumba, na mtu aliyeumbwa kwa mfano wake hawezi kuikwepa. Mama apangaye kuni kwa unadhifu ukutani, baba akunjaye wavu wake bila fundo, msichana asukaye nywele za mdogo wake kwa mistari ambayo hakuna aliyemfundisha, wote hao wana kitu cha Baba yao. Wengi hawajui. Wadhani uzuri ni mali ya mji, ya matajiri, ya vijana wenye nguo mpya. Lakini Yezu Kristu alikaa Nazareti karibu miaka 30 kati ya seremala na jiko, na alipoanza kufundisha, mifano yake aliitoa huko: chachu ndani ya unga, kiraka juu ya vazi kuukuu, taa, wavu, mbegu ndogo, maua ya porini ambayo watu huyakanyaga wakienda kazini. Macho yake yalikuwa yametazama vitu hivyo siku nyingi bila haraka. Hekaluni, watu walipokuwa wakitazama matajiri wakitia sadaka zao, yeye alimwona mjane na sarafu mbili.

Na kutazama bila haraka ni nani awezaye kuliko mzee? Kijana apita mtoni mbio, ana safari. Mzee lazima asimame apumzike, na akiisha kusimama huona. Abrahamu alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani kwenda nchi asiyoijua. Musa alikuwa na miaka 80 aliposimama mbele ya Farao. Mtoto Yezu alipopelekwa hekaluni, makuhani walikuwako na walinzi walikuwako, na umati wa watu wenye miguu mizima. Waliomtambua ni wawili tu, Simeoni aliyekuwa akingoja kifo, na Ana, mjane wa miaka 84 kadiri asimuliavyo Mtakatifu Luka. Wengine waliona mtoto wa maskini na hua wawili wa sadaka.

Jioni ile katekista alikwenda tena chini ya mwembe. Akasalimu kwa heshima, akakaa chini kabisa, si juu ya kiti, kwa sababu alikuwa amekuja kuomba.

“Nkambo,” akasema, “Padri atafika kwa Kesha la Paska. Usiku ule atabariki maji ya ubatizo, na atatumbukiza mshumaa mkubwa ndani ya maji. Shapeli haina chombo kinachofaa ila beseni la plastiki lililopasuka ukingo. Twahitaji mtungi mkubwa, wenye mdomo mpana wa kupitisha mikono miwili.”

Mama kizee akamwonyesha mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka, kama majani ya ndizi upepo ukiwa mdogo. “Mwalimu, wanicheka?”

“Sikucheki, nkambo. Nimekuja kwa sababu hakuna mwingine ajuaye.”

Hilo ndilo neno lililomwinua, wala halikuwa la kubembeleza, maana lilikuwa kweli.

Asubuhi alimwamsha mjukuu wake, msichana wa miaka kama kumi, wakashuka pamoja kwenye kijito. Mtoto alichimba, mzee alionja. Ndiyo, alionja: alitia udongo kidogo ulimini kujua kama una mchanga. Walipofika nyumbani alimtuma mtoto aokote vigae vya vyungu vilivyovunjika nyuma ya nyumba, akamwambia avitwange kinuni mpaka viwe kama unga wa muhogo. Mtoto akauliza kwa nini kutwanga takataka. Mzee akamwambia kwamba udongo mbichi peke yake una kiburi. Ukikauka hujikunja na kupasuka. Kigae kilikwisha kupita motoni, hakijikunji tena. Kikichanganywa na udongo mpya huushika usipasuke, na huupa mvuke nafasi ya kutoka. Alisema hivyo huku akikanda, na hakukumbuka, au labda alikumbuka, neno alilomwambia katekista siku ile mlangoni.

Hakutumia gurudumu, kama hawatumii wafinyanzi wengi wa Kongo. Aliviringa udongo kama nyoka, akamzungusha nyoka juu ya nyoka, akilainisha ndani kwa kipande cha kibuyu na nje kwa kokoto la mtoni. Kazi aliyokuwa akiimaliza zamani kwa asubuhi moja ilimchukua siku tatu. Ilipofika nakshi, ndipo palipokuwa na shida. Ujanani alikuwa akibingirisha gunzi la hindi shingoni mwa chungu, akapata mstari ulionyoka kama uzi. Sasa mkono ulikwenda juu ukashuka chini. Akafuta. Akajaribu tena, akafuta. Mara ya tatu aliutazama mstari ule uliopinda, akautazama tena, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika maisha yake yote ya ufinyanzi: aliuacha mkono utetemeke kama upendavyo, akaufuata, mstari chini ya mstari, mpaka shingo yote ya mtungi ikawa mawimbi ya ziwa wakati wa upepo wa jioni. Mjukuu akapiga makofi. Nakshi ile hakufundishwa na mama yake wala na nyanya yake; aliipewa na udhaifu wake.

Wala jambo hili halionekani katika vijiji vya Kongo peke yake. Katika Ufaransa alikuwako mchoraji mashuhuri, Henri Matisse, aliyezaliwa mwaka 1869. Mwaka 1941 alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa mkubwa, na tangu hapo hakuweza kusimama kwa muda mrefu. Kazi ya brashi ikawa ngumu; basi akachukua mkasi, akakata karatasi zilizopakwa rangi, akatengeneza kwa vipande hivyo picha ambazo hakuna aliyekuwa amezitengeneza mbele yake. Sista mmoja wa Mtakatifu Dominiko, aliyekuwa amemwuguza kabla ya kuingia utawani, alimwambia habari za kanisa dogo ambalo masista wa Vence walitaka kulijenga. Mzee akaikubali kazi. Akiwa kitandani alifunga mkaa kwenye ncha ya mwanzi mrefu, akachora ukutani. Kanisa lilibarikiwa mwezi wa sita mwaka 1951. Yeye alikuwa na miaka 81, na kwa ugonjwa hakuweza kuhudhuria. Yasemwe wazi kwamba hakuwa mtu wa kuonekana kanisani kila Dominika. Lakini alisema mwenyewe kwamba kazi ile ndiyo kilele cha kazi zake zote, na nuru ya manjano na kijani na samawati ipitayo katika vioo vyake huangukia hata leo juu ya watu wanaosali.

Huko Roma, Michelangelo alipewa na Papa Paulo wa Tatu ujenzi wa Basilika la Mtakatifu Petro akiwa amepita miaka 70. Hakutaka mshahara, alisema afanya kwa upendo wa Mungu. Aliifanya kazi hiyo mpaka kufa kwake mwaka 1564, akiwa na miaka 88, na kuba kubwa aliloliwaza hakuliona limekwisha. Wengine walilimaliza mwaka 1590. Wakongo nao wana mabwana na mabibi wa kazi. Kwa Wakuba wa Kasai, wanaume hufuma kitambaa cha rafia, nao wanawake huketi nacho miezi mingi wakitia nakshi kwa sindano, bila kuchora kwanza. Nakshi imo vidoleni na katika kumbukumbu. Vitambaa vingi vya namna hiyo huwekwa kwa ajili ya mazishi, yaani bibi apamba kitu ambacho kitashuka kaburini na kutoonekana tena. Asiyemjua Mungu ataita hiyo hasara.

Na Marehemu Papa Fransisko, aliyefika Kinshasa mwaka 2023 akiwa na miaka 86, akisukumwa katika kiti cha magurudumu, alikuwa ametumia miezi mingi ya mwaka 2022 kuwafundisha Wakristu juu ya uzee. Yeye ndiye aliyeweka mwaka 2021 siku ya mababu na wazee, Dominika ya nne ya mwezi wa saba, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Ana.

Lakini turudi ziwani, maana huko mambo hayakwenda vizuri.

Ilikuwa Kwarezima, na mvua hazikukatika. Mtungi uliwekwa kivulini siku nyingi, lakini kitako chake kilikuwa kinene, na unyevu ulibaki ndani. Mzee alijua hatari hiyo. Siku tu zilimsukuma. Akapanga kuni na maganda ya miti, akafunika kwa majani makavu, akatia moto. Moto ulipopata nguvu mlio mkubwa ulisikika. Mvuke uliofungwa ulipasua kitako, na mtungi ukafunguka vipande sita. Kila mfinyanzi duniani amepata kuusikia mlio huo.

Juma lile lile, nyumba ya tatu kutoka pale, mtoto mchanga akafa kwa homa. Mvua zilikuwa zimejaza mashimo yote maji, na mbu walikuwa wengi. Mwuguzi wa dispanseri alijua ni malaria, akasema hivyo wazi, tena akasikitika kwamba mtoto aliletwa siku ya tano. Lakini kilio hakisikii mwuguzi. Jioni mtu mmoja akasema kwamba mtungi haupasuki bure. Mwingine akakumbuka kwamba mama kizee huokota vigae nyuma ya nyumba za watu, na kuvitwanga. Wa tatu akasema: tazameni macho yake, ni mekundu. Usiku ulipoingia vijana walikusanyika mbele ya nyumba ya mwanawe, wengine na fimbo, wakipiga kelele kwamba mchawi aondoke kabla ya mapambazuko. Kati yao walikuwamo wakatekumeni wawili. Mmoja ni yule mvuvi aliyejua rangi za samaki.

Mwanawe alikuwa safarini kwa biashara ya dagaa. Aliyetoka mlangoni ni mkamwana, na taa mkononi. Mwanamke huyu hakuwa akielewana sana na mama mkwe wake. Walikuwa wamegombana mara nyingi juu ya chumvi na kuni. Lakini alisimama kizingitini, akasema:

“Macho ya mama ni mekundu, ndiyo. Ni moshi. Miaka hamsini alipuliza moto wa vyungu, na katika vyungu hivyo mama zenu waliwapikia ninyi uji. Anayetaka kumtoa aanze na mimi.”

Katekista alifika akikimbia. Hakuhubiri. Aliketi barazani upande wa kuume wa mlango, akatoa rozari yake. Baadaye kidogo wakatekumeni watano, wake kwa waume, walikuja wakaketi naye. Wengine waliendelea kupiga kelele mpaka usiku wa manane. Kisha mvua ilinyesha, wakatawanyika. Ndani, mama kizee alikuwa amekaa gizani na mjukuu wake magotini. Hakulala, wala hakulia.

Na hapa mkatekumeni asijidanganye. Mambo kama haya hayaishii siku zote kwa mvua. Katika Kivu Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa waliuawa na watu wa vijiji vyao wenyewe kwa neno hilo hilo la uchawi. Mtu aweza kujua sala zote kwa moyo, akafunga Ijumaa zote za Kwarezima, na bado kwa neno moja lililosemwa gizani akavunja amri ya tano na ya nane pamoja. Tena mara nyingi anayesingiziwa ni yule aliyeachishwa kazi kwanza: mzee akaaye peke yake, asiyeulizwa neno, ambaye hakuna ajuaye tena mikono yake ilifanya nini. Kijiji kilichosahau mitungi ya mama huyo ndicho kilichoyaona macho yake kuwa ya ajabu. Hakianzi kwa fimbo. Kilianza siku ile walipoacha kumsalimu wakipita.

Asubuhi katekista alimwambia: “Nkambo, pumzika. Beseni litatosha.”

Yeye akajibu: “Mwalimu, uliniomba mtungi, hukuniomba kupumzika.” Akamwita mjukuu, akamwambia aokote vipande vya mtungi uliopasuka, atwange vitatu, na vitatu aviweke.

Wa pili aliukausha karibu na jiko la mkamwana, akiugeuza kila saa kama mgonjwa. Mkamwana ndiye aliyepanga kuni, na aliyezuia moto usikue upesi. Ulipopoa waliufukua majivuni pamoja. Ulikuwa mzima. Ulikuwa umeinama kidogo upande mmoja, na alama nyeusi ya moshi ilikaa ubavuni. Lakini mawimbi ya shingoni yalikuwa mazuri kuliko ya kwanza, na mama kizee aliuzunguka mara mbili bila kusema neno.

Usiku wa Paska Padri alifika na pikipiki yake, matope mpaka magotini. Aliuona mtungi, akauliza umetoka mji gani. Alipoambiwa, alikwenda kumsalimu mwenye nao kabla ya kuvaa mavazi ya Misa. Kisha moto mpya uliwashwa nje, mshumaa ukaingia shapelini gizani, na wakati wa kubariki maji ulipofika Padri alitumbukiza mshumaa katika mtungi ule ulioinama. Watu wa mbele waliona mwali ukicheza juu ya maji. Maji yalikuwa baridi, kama yawavyo daima katika mtungi wa udongo, maana hupenya polepole katika vitundu vidogo vya udongo na kukauka nje, na kukauka huko huondoa joto. Bidoni haiwezi hilo. Waliobatizwa walishtuka yalipogusa vichwa vyao. Mama kizee alikuwa wa mwisho kwa sababu ya miguu yake, na mkamwana alimshika mkono. Alichagua jina la yule mjane wa hekaluni.

Vijana wale wawili hawakubatizwa usiku ule. Padri alikuwa amewaita mchana, akasikiliza, akawaambia wangoje mwaka mmoja tena. Mmoja alikasirika akaacha mafundisho. Yule mvuvi alibaki nje ya mlango wakati wote wa Misa, akasikiliza nyimbo kutoka huko.

Baada ya juma la Paska alionekana chini ya mwembe. Hakujua aanze wapi. Alikuwa ameleta samaki wachache waliofungwa kwa ukambaa, akawaweka chini. Mama kizee alikuwa na mjukuu, na udongo mpya ulikuwa umefunikwa kwa majani ya ndizi, kwa sababu mama wawili wa kijiji walikuwa wamekuja kuagiza mitungi. Kijana alisema, “Nkambo,” kisha akashindwa kuendelea.

Mzee hakumwuliza. Alimsogezea kinu na mchi, akamwonyesha vile vigae vitatu vilivyobaki vya mtungi wa kwanza.

“Twanga,” akamwambia. “Viwe laini kabisa. Mtoto atakuonyesha.”

Alitwanga mpaka jua likatua, na mara mbili mtoto alimrudishia unga akisema bado.